Walimbariki Mjukuu Wangu, Akalala Njaa

Mpendwa mshauri Nelius,

Nakusalimu kwa mkono wa mtu mwingine kwa sababu wangu haujui kalamu, unajua jembe na mwiko, na huyu anayeandika ni Gatwiri, mke wa mwanangu Kailemia, nimemwambia aandike vile ninavyosema asinipake poda, na hata pale nitakapomsema mume wake aandike hivyo hivyo, amecheka, ameshika kalamu, basi tuendelee. Kiswahili changu sikufundishwa na mwalimu, nilifundishwa na wanunuzi wa maharagwe waliokuja soko la Muthara kutoka Isiolo, watu wa haraka, ukikosa neno wanakuacha umesimama na gunia lako, kwa hivyo nikikosea mahali unisamehe lakini unielewe. Gazeti lenu hufika hapa Jumapili na Gatwiri hutusomea tukitoka kanisani. Naomba unijibu Jumapili hii, maana Alhamisi inayofuata nitaulizwa swali mbele ya watu wa kaunti na sijui mdomo wangu utasema nini.

Jina langu ni Gatakaa. Nilimlea mjukuu wangu Winrose tangu akiota meno, mama yake alipotutoka, na kabla hajasimama vizuri akashikwa na homa iliyomwachia miguu isiyobeba mwili, basi mgongo wangu ukawa ndiyo miguu yake, nilimbeba kwa leso mpaka kanisani, mpaka sokoni, mpaka shuleni, mpaka akawa msichana mkubwa miguu inanigonga magotini na watoto wanacheka nyuma yetu, nami nageuka nawaambia chekeni vizuri niwahesabu meno, halafu nije niwapunguzie. Serikali ilipomletea kiti cha magurudumu tulipiga vigelegele, lakini wewe unajua njia zetu, mvua ikinyesha huku Tigania matope mekundu yanavua mtu kiatu, sembuse gurudumu, kile kiti kikakaa kibarazani kuku wanakilalia, na mimi nikaendelea kubeba.

Ndipo ikaja ile siku ya baraza. Chifu alitangaza kwamba kaunti inafanya mpango wa watu wenye ulemavu na inataka kuwasikia wenyewe, nikambeba Winrose nikamkalisha mbele kabisa. Kila aliyepewa nafasi aliomba unga, mwingine blanketi, mzee mmoja asiyeona akaomba mke, akaambiwa hiyo si wizara yetu, tukacheka. Ilipofika zamu ya Winrose nilisimama mimi, kama ilivyokuwa desturi yetu, yeye anakaa mimi nasema, lakini kijana wa kaunti anayeitwa Muchangi, mtu wa Embu, mpole, mwenye sauti kama anabembeleza ndama, akaniambia, "Asante mama, kaa kwanza, nataka kumsikia yeye." Nikakaa nimevimba. Winrose akasema, "Mimi nataka kuishi mahali ambapo nikihisi kiu ninakunywa maji bila kuita mtu."

Mshauri, mimi ndiye huwa ninaitwa. Miaka yote hiyo nilidhani anayechoka ni anayeitwa, sikujua anayeita naye anachoka. Nilikaa pale kama nimepigwa kofi na mtu ninayempenda, na nilipofika nyumbani nikausonga ugali kama ninayepigana nao.

Sasa, serikali nimeijua maisha yangu yote kwa ahadi na wino wa kura kidoleni, sikutarajia kitu, lakini hii ilirudi. Muchangi alikuja mpaka jikoni kwangu na utepe wa kupimia kama wa fundi, akamwambia Winrose anyooshe mkono juu, sasa mbele, sasa upande, sasa ujaribu ukiinama, na kila mkono ulipofika anaandika, nikamuuliza, "Kwani unamshonea kanzu?" akasema, "Hapana mama, namshonea nyumba." Nikaona hiki kijana kina mdomo, nikakipa uji.

Na kweli alimshonea. Iko Meru mjini, nyuma ya soko la Gakoromone, chumba cha chini chenye mlango mpana, pale ambapo pangekuwa na ngazi kuna mteremko wa saruji, rafu zote ziko chini mkono wake unapofika, jiko la gesi liko juu ya meza ambayo kiti kinaingia chini yake, chooni kuna vyuma ukutani vya kujishikilia. Anashona sare za shule kwa cherehani ya umeme, ile sehemu ambayo wewe ungekanyaga kwa mguu ameiweka juu ya meza anaibonyeza kwa kiwiko. Asubuhi huja mama mmoja wa kumsaidia kuoga na kuvaa, analipwa na ule mpango, na aliyemchagua ni Winrose mwenyewe, si mimi, mimi niliulizwa tu kama nimewahi kusikia jina lake.

Nilipoenda kumtembelea mara ya kwanza niliinuka kushika sufuria, akaniambia, "Juju, kaa." Juju ndivyo watoto wa kwetu wanavyoita nyanya. Nikakaa. Akachemsha mwenyewe, akamimina mwenyewe, akaja na kikombe kwenye trei iliyolala mapajani, magurudumu yanazunguka polepole kama anabeba yai, akanipa mkononi. Nimezaa, nimezika, nimelima mpaka mpini ukaisha, lakini nilikuwa sijawahi kuletewa chai na yule mtoto. Nilikunywa nikilia, naye akaniuliza kama sukari imezidi. Namshukuru Mungu, naishukuru kaunti, nawashukuru wote waliokaa kwenye viti wakapanga jambo hilo badala ya kulala mkutanoni, namshukuru Muchangi na mama aliyemzaa na maziwa aliyomnyonyesha, na Gatwiri hapa anasema nipunguze shukrani karatasi itajaa, nimemwambia karatasi niliinunua mimi.

Sasa shida. Huku kwetu mtu akiingia nyumba mpya haachwi hivi hivi. Akina mama wa kanisa huenda na chakula, wanaomba, wanapika, wanasafisha, wanapanga vyombo, wanaondoka mwenye nyumba akiwa hana la kufanya ila kupumzika. Hatukufanya kwa ubaya, weka hilo akilini. Tulikodi gari tukalijaza viazi, mkungu wa ndizi, maharagwe, unga, na Eunice mwenyekiti wetu, mwanamke wa mwili na sauti, akaleta kuni. Nikamwambia, "Eunice, mtoto ana gesi." Akasema, "Gesi huisha, kuni ni kuni."

Winrose alifurahi, alicheka, aliimba nasi, tukaponda viazi na maharagwe kuwa mukimo tukala wote. Kisha akina mama wazee wakamtoa nje kwenye kivuli wakamzunguka kumwombea mmoja baada ya mwingine, na wewe unajua mtu akiombewa hawezi kusema ngoja kidogo niangalie ndani wanafanya nini. Ndani tulikuwa tunapanga. Mwanamke wa kwetu akiona sufuria iko karibu na sakafu anaona panya, anaona kuku, anaona mtoto anayetambaa, mkono unainuka wenyewe kuipandisha. Tukapandisha. Sufuria juu ya kabati, vikombe juu, unga juu, chumvi juu, kiberiti juu kabisa, nilipanda kwenye stuli mimi mwenyewe nikavipanga kwa ukubwa vikapendeza, nikashuka najisifu. Simu yake ilikuwa inachaji karibu na kitanda, mtu akasema itamwagiwa maji, ikapanda nayo. Kuna ubao laini ambao yeye huuweka kati ya kiti na kitanda akajisukuma juu yake ili alale, sisi hatukujua ni wa nini, Eunice akauona umeegemea ukuta akasema huu utafaa, akaulaza chini ya gunia la viazi visishike unyevu wa saruji. Na kuni, mshauri, kuni tulizipanga nje pale kwenye ule mteremko, kwa sababu palikuwa safi na panapata jua.

Jua linaenda, gari linapiga honi, tukamwinua na kiti chake tukamwingiza ndani, tukamkumbatia mbio mbio, akasema asanteni mama zangu, tukaenda tukiimba.

Mjukuu wangu alilala ameketi kwenye kiti. Chakula cha kijiji kizima kilikuwa kinamwangalia kutoka juu. Alikunywa maji ya bomba kwa kiganja. Aliita, jirani wa upande mmoja walikuwa wamesafiri na wa upande wa pili redio ilikuwa imepanda sauti, akanyamaza akangoja yule mama wa asubuhi.

Huyo mama alipofika akamshushia simu, na Winrose akanipigia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Juju, nani aliweka vyombo vyangu juu?"

"Ni sisi, mama. Tulikupangia."

"Mlimpangia nani? Mwenye urefu gani?"

Nikaanza kumweleza nilivyovipanga kwa ukubwa, akanikata.

"Kuanzia leo anayetaka kuja kwangu apige simu kwanza, hata wewe. Na asiguse kitu bila kuniuliza."

Nilipopeleka maneno hayo kanisani, Eunice alisimama. "Sisi ndio wa kupiga simu? Huyo mtoto tulimfulia nepi!"

"Eunice, hakuna nepi uliyofua wewe."

"Nilikuwa nakusudia!"

Sasa kikundi kimekasirika, wanasema amefukuza baraka, wanataka aje mbele yao aombe msamaha, na ikiwa hawezi kuja basi nimwombee mimi niliyemlea.

Na mwanangu Kailemia, Gatwiri andika usiogope, yeye si mtu mbaya, anampenda Winrose kama amemzaa, amemjengea chumba nyuma ya jikoni ili awe karibu, na huo ndio uchungu wake kwamba chumba kiko tupu. Alhamisi Muchangi na wenzake wanaenda kwa Winrose kuangalia kama maisha yale yanamfaa aendelee, na sisi wa nyumbani tumeitwa tuseme tunaonaje. Kailemia ananiambia, "Mama, wewe ndiye uliyemlea, watakusikia wewe. Waambie maneno mawili tu. Alilala njaa. Hujasema uongo, na mtoto atarudi nyumbani."

Hapo ndipo ninapochomeka, mshauri, kwa sababu ni kweli alilala njaa. Na nikiufunua moyo wangu bila kuufunika na kanga, unataka arudi, asubuhi nikiwasha moto ninageuza kichwa kumsikiliza akiniita na hakuna anayeniita, huu mgongo ulilia miaka yote kwa uzito wake na sasa unalia kwa kuukosa. Lakini naogopa kwamba nikisema hayo maneno mawili nitakuwa nimemfunga tena leso, na siku hizi ana mikono ya kazi, ana wateja, ana kucheka kwingine ambako hakukuwa kwangu. Na nikinyamaza, kisha siku moja apatikane amekufa kiu nyumba imejaa maji, nitamwambia nini mama yake nikimkuta huko mbele?

Nisemeje Alhamisi? Na hawa wa Eunice niwaombe msamaha au niwaache wachemke? Usinipambe. Umri wangu ni wa kuambiwa.

Ni mimi Gatakaa, Muthara.


Jibu la Nelius

Juju Gatakaa, niruhusu nikuite hivyo, maana nimesoma barua yako kwa sauti hapa ofisini na kufikia ile ya nepi kila mtu alikuwa tayari ni mjukuu wako. Pia nililia pale kwa chai. Nimekupa heshima yako yote, sasa kaa, nikuambie.

Maneno mawili ambayo mwanao anataka useme ni kweli, na yamekatwa kichwa. Kichwa chake ni hiki: "Tulikuja, tukapandisha vyombo vyake vyote mahali asipofika, tukaficha ubao wake wa kulalia, tukazuia njia yake ya kutoka, halafu alilala njaa." Sema hivyo au usiseme kabisa. Ukisema kipande cha nyuma peke yake, utakuwa umempeleka mtoto kwa serikali akiwa amebeba kosa lenu mgongoni, na zamani mgongo uliobeba ulikuwa wako.

Jiulize. Kabla gari lenu halijafika alikuwa anapika na kula kila siku ya Mungu. Mtu wa kaunti alimpima mkono kwa utepe, akajenga nyumba inayofuata mkono huo, nanyi kwa mchana mmoja mkaibomoa bila kung'oa hata tofali. Kilichoshindwa siku ile si miguu yake. Tuseme mimi nije kwako Muthara, nipandishe sufuria zako juu ya paa, nizike jembe lako chini ya viazi na nipange kuni mlangoni pako. Asubuhi ukikutwa una njaa, Kailemia atasema mama amezeeka apelekwe kwa watu? Wewe ungenifukuza na mwiko, na ungekuwa na haki.

Nakukaripia kwa sababu najua unasikia. Lakini ile hofu yako ya kiu usiimeze, ni hofu nzuri, ina kazi ya kufanya. Kuishi kwa kujitegemea si kuachwa peke yako. Alhamisi mbele ya Muchangi mwambie wazi kwamba siku ile hakuwa na njia ya kumfikia mtu, na uulize kinachoweza kuongezwa. Yule kijana haendi pale kumvizia Winrose ashindwe, anaenda kuona kilichopungua. Simu ikae kwenye kamba shingoni, hata ikichaji iwe mahali mkono unafika. Ufunguo wa pili apewe jirani, na jirani huyo achaguliwe na Winrose, si wewe, si Kailemia, si Eunice. Kengele ya kuita jirani nayo ni kitu cha kuomba. Mipango ya serikali huharibika tunapoficha mapengo kwa aibu, au tunapoyafanya kuwa sababu ya kufunga kila kitu. Onyesha pengo, omba lizibwe, toa shukrani kwa kile kilichofanyika. Hilo la mwisho najua hutakosa maneno.

Kuhusu kikundi. Usiombe msamaha kwa niaba ya Winrose. Hana kosa, na kufanya mambo kwa niaba yake ndiko tulikoanzia matatizo haya. Msamaha ukihitajika, ninyi ndio wa kuupeleka. Mwambie Eunice nimesema nampenda, mtu anayebeba kuni mpaka nyumba ya gesi ana moyo mkubwa kuliko gari, lakini ampigie simu Winrose, amuulize ni siku gani inamfaa, na waende wachache. Wakifika wasisimame. Kila mmoja aketi kwenye kiti, anyooshe mkono akiwa ameketi, aone unafika wapi. Halafu Winrose aseme kila kitu kinakaa wapi na kilichobaki juu wao wakishushe. Kuni zirudi Muthara. Viazi watu wagawane na majirani, vinaanza kuota.

Na ile sauti ya Eunice ina mahali pake. Kaunti itakapoita tena watu kuuliza ni nini kiingizwe kwenye mipango ya mwaka ujao, jazeni lile gari tena mwende mkaseme. Winrose amepata, lakini yule mzee asiyeona aliyechekwa akiomba mke, nani alimuuliza mkono wake unafika wapi? Kuna wengine wengi wamelala vyumba vya nyuma. Mtu asiyeogopa kupigia kelele nepi ambazo hakufua hatashindwa kupigia kelele nyumba.

Kailemia, najua unasomewa. Chumba ulichojenga si cha bure, ila kina kazi nyingine. Toka nje sasa hivi ukitazame. Mlangoni kuna ngazi? Mlango una upana wa kiti? Choo chenu ni cha kuchuchumaa kwenye shimo? Kutoka barabarani mpaka uani ni matope? Basi Winrose hawezi kuja nyumbani hata kusalimia bila kubebwa kama mzigo, na mtu anayebebwa kuja hawezi kujiondokea anapotaka. Mwaga kokoto njiani. Vunja hiyo ngazi uweke mteremko. Weka choo cha kukalia na chuma ukutani. Muulize Winrose vipimo kabla hujanunua saruji. Ukimaliza, atakuja Krismasi kwa magurudumu yake, atakaa anavyotaka, na atarudi kwake kazini. Huko ndiko kumpenda kwa mikono, na mikono unayo.

Nawe juju, huo mgongo. Siwezi kukudanganya kwamba utaacha kumtafuta. Ulimbeba mpaka akafika mahali anapoweza kukuambia usiguse sufuria zake, na wengi hawafiki. Asubuhi ukishawasha moto, mpigie, lakini acha kumuuliza kama amekula, hilo ni swali la kuuliza mtoto. Muulize ameshona nini. Mwambie akushonee gauni, umpe kitambaa na ungoje zamu yako kama wateja wengine, na gauni likikubana umwambie linabana. Mzoee kama mwanamke mwenzako. Utamkosa kidogo, kisha utampata Winrose mwingine.

Itakuwa vigumu Alhamisi, kwa sababu unapenda kusema na unajua kusema. Piga simu kabla hujatoka Muthara. Wakikuuliza kwa nini alilala njaa, simama ujibu wewe, na ueleze vyombo vilipandaje na nani alipanda kwenye stuli. Wakikuuliza kama aendelee kuishi pale, kaa chini, mgeukie Winrose, na umwache ajibu kwa muda wake. Akikawia, usimsaidie.